Kadiri ya Nuru

Baina ya magharibi na isha, wakati jua limekwisha kuzama upande wa Ghuba ya Winam na maji yamebaki na wekundu unaokawia kuondoka, nyumba za Milimani huwashwa taa moja baada ya moja, na mimi, niliyekaa juu ya kilima hiki cha Kisumu miaka mingi kuliko ile niliyokaa pwani nilikozaliwa, huketi barazani nikitazama jinsi kila nyumba inavyotoa siri ya tabia yake kwa nuru yake. Ipo nyumba inayowaka kama uwanja wa mpira, hata popo hawaikaribii. Ipo inayowasha taa moja ya jikoni na kuwaachia wenyewe njia nyingine waipapase. Na zipo chache, chache sana, ambazo nuru yake imepimwa, kila chumba kikapewa haki yake, mwenye kusoma akatosheka na mwenye kupumzika asichomwe macho. Kwa muda mrefu nilidhani kwamba nyumba hizi chache ni za matajiri. Sasa najua kwamba utajiri hauna sehemu kubwa katika jambo hili, na namna nilivyolijua ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Sebule yetu ilikuwa imewekewa, tangu zama za mwenyeji aliyetutangulia, taa sita ndogo za halojeni, zimezamishwa darini kama vikombe vilivyoinamishwa, kila moja ya volti 12 na wati 50, na juu ya kila moja, mahali ambapo jicho halifiki, kikalala kisanduku chepesi kisichozidi kipande cha sabuni, ambacho kazi yake ilikuwa kuupokea umeme wa volti 240 utokao barabarani na kuushusha hadi 12 kabla haujaifikia taa. Miaka ilipita bila mimi kukijua kisanduku hicho. Mtu hakitafuti kitu kinachomtumikia kimya.

Kisha ahali yangu akaanza kuikimbia nuru. Alisema kila taa imevaa duara la ukungu, kwamba miale inamchoma kama pilipili, na jioni akawa anahamia pembeni ambako kivuli cha kabati kinamfunika, si kwa kupenda giza, bali kwa kukosa mahali pengine pa kuweka macho yake. Tabibu alituambia ni mtoto wa jicho katika macho yote mawili: lenzi ya jicho imeingia ukungu, na nuru kali inapoingia humo hutawanyika, kama taa za gari zinavyotawanyika katika kioo kilichojaa vumbi, hivyo kuongeza taa ni kuongeza ukungu. Ungepita muda wa miezi kadhaa kabla ya kupasuliwa. Katika miezi hiyo wajibu wangu ulikuwa dhahiri: kuipunguza nuru ya nyumba yangu bila ya kuiondoa, maana mwenye macho dhaifu akiachwa gizani huanguka, na akiachwa penye mwanga mkali hapofuki kabisa lakini haoni.

Nikafanya alivyo mwanadamu asiyeuliza. Nilikwenda mtaa wa Oginga Odinga, nikanunua balbu sita za LED za wati 5, zenye umbo lile lile na volti zile zile 12, pamoja na swichi ya kupunguzia mwanga, ile ambayo mafundi wetu huiita dima, nikaziweka mahali pa zile za zamani, na moyo wangu ukafurahi kwa hesabu nyepesi: wati 300 zimekuwa 30, israfu imekwisha, joto lililokuwa likitushukia utosini limekwisha. Usiku ule ule taa zikaanza kupepesa. Mbili zilitetemeka, moja ikawaka na kuzimika kama kope za mtu mwenye usingizi, na nilipoizungusha dima kuipunguza nuru, zote sita zikaingia katika mtikisiko ambao hata mimi mwenye macho mazima sikuustahimili.

Fundi niliyemwita ni kijana wa upande wa Nyalenda, mpole wa maneno, mwenye desturi ya kusoma kila kitu kilichoandikwa juu ya chombo kabla ya kukigusa. Alipanda ngazi, akakitoa kisanduku kimoja darini, akakipangusa vumbi kwa kidole gumba, akanishushia nikisome. Kiliandikwa: 20 hadi 60.

"Mwalimu, usilaumu taa," akasema. "Transfoma hii hutaka mzigo usiopungua wati 20. Wewe umeipa 5. Haina kazi ya kutosha, ndiyo maana haitulii."

Nimefundisha miaka thelathini na sita, na kwa insafu lazima niseme kwamba ni mara chache nimesikia somo zima likitiwa katika maneno machache namna ile. Nilikuwa nimezoea fikra kwamba chombo huharibika kwa kuzidiwa. Hakuna mzazi asiyemwonya mwanawe asipakie mkokoteni kupita nguvu za punda. Lakini kwamba chombo kinaweza kushindwa kwa kupewa kidogo mno, kwamba upungufu wa mzigo nao ni dhara, hilo lilikuwa jipya kwangu, na halikunitoka. Kijana alinieleza kwamba kisanduku kile hufanya kazi kwa kuukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kwamba mkondo ule ule unaokwenda kwenye taa ndio unaokisukuma kiendelee. Mkondo ukiwa haba, mwendo hukatika, kisanduku kikasimama, kikajaribu upya, kikasimama tena, na huko kuanza na kukoma ndiko tunakokuona kama kupepesa. Nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza wa kustaafu, siku nilizokuwa nikiamka alfajiri, nikajitayarisha, kisha nikasimama katikati ya chumba bila kuwa na pa kwenda. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na njaa. Nilikuwa na nguvu za wati 60 na kazi ya wati 5, na hali yangu ilikuwa ni ile ile: kuanza na kukoma.

Lugha yetu ina neno kwa jambo hili, nalo limekaa midomoni mwetu hata hatulisikii tena. Twasema kadiri kwa maana ya kiasi. Twasema kudra kwa maana ya uwezo, hususani ule wa Mwenyezi Mungu. Twasema kadari kwa maana ya yale tuliyoandikiwa. Na mjenzi anapohesabu mawe na saruji kabla ya kuanza nyumba, twasema anafanya makadirio. Maneno haya manne yametoka katika shina moja la Kiarabu, na waliotuachia bila shaka waliona kwamba uwezo usiokuwa na kiasi si uwezo uliotimia. Mtu anayechagua transfoma, ajue asijue, anatembea baina ya maneno haya: hutazama uwezo wa chombo, hupima kiasi cha mzigo, na hapo walipokutana ndipo huandikiwa maisha ya taa zake.

Nguvu yenyewe, kabla ya kufika darini mwetu, imekwisha kupandishwa na kushushwa mara nyingi. Sehemu moja ya umeme wa jimbo hili hutoka Sondu Miriu, kusini ya Kisumu, ambako maji ya mto utokao nyanda za juu hupitishwa katika handaki la zaidi ya kilomita 6 ndani ya mlima, yakaanguka juu ya mitambo ya megawati 60 iliyoanza kazi mwaka 2008, kisha yakaendelea na safari yao kuelekea ziwani. Umeme unaozaliwa hapo hupandishwa hadi volti 132,000 ili uweze kusafiri mbali bila ya kupotea njiani kwa joto. Ukifika mjini hushushwa, ukashushwa tena juu ya nguzo ya mtaa hadi 240, na safari hii ingalikuwa muhali kama si transfoma. Asili yake ni pete ya chuma ambayo Michael Faraday aliizungushia nyaya pande mbili huko London, mwezi wa Agosti mwaka 1831, akaona kwamba umeme ukibadilika katika waya wa upande mmoja huamsha umeme katika waya wa upande wa pili, ingawa nyaya hizo mbili hazigusani. Mwaka 1885, katika kiwanda cha Ganz mjini Budapest, Károly Zipernowsky, Ottó Bláthy na Miksa Déri waliikamilisha fikra ile kuwa chombo cha kazi. Hesabu yake ni ya kumridhisha kadhi: upande wa pili ukiwa na mizunguko michache ya waya, volti hupungua kwa uwiano ule ule, na kinachopungua katika volti hurudi katika wingi wa mkondo. Hakuna kinachodhulumiwa isipokuwa kile kidogo kinachogeuka joto na mvumo.

Mintarafu ya mvumo huo, wazee wa mitambo huupenda. Transfoma ya jadi, ile ya koili na chuma, ni nzito mkononi, moyo wake ni mabati membamba yaliyopangwa moja juu ya jingine na kutengwa ili umeme usizunguke ovyo ndani ya chuma, na katika usiku mkimya huisikia ikinong'ona, kwa kuwa chuma hujinyoosha na kujikunyata mara 100 kila sekunde kwa amri ya sumaku. Haijali kupewa mzigo mdogo, na huvumilia kupanda na kushuka kwa umeme wa mji wetu, ambao ngurumo za mchana hazina huruma nao. Kile kisanduku chepesi cha kielektroniki, kwa upande wake, ni kidogo, ni kimya na ni rahisi kwa bei, lakini huogopa joto: viungo vyake vya ndani, kwa hesabu wanayoitumia wahandisi, hupoteza nusu ya umri wao kwa kila nyuzi 10 za joto zinazozidi, na aliyewahi kuingiza kichwa chini ya mabati ya Kisumu saa saba za mchana hana haja ya kuambiwa kuna nyuzi ngapi.

Huenda msomaji akauliza, madhali umeme wa nyumba ni 240, kwa nini kujitaabisha na 12? Jibu la kwanza ni usalama: volti 12 mkono mkavu huzigusa bila ya madhara. Lakini usalama huu una sharti lake, nalo wengi hulisahau. Wati 100 katika volti 240 ni mkondo usiofika nusu ya ampea. Wati 100 hizo hizo katika volti 12 ni zaidi ya ampea 8, na mkondo mkubwa hauchukui waya mwembamba wala kiungo kilicholegea bila ya kukitia moto. Fundi alinionyesha kiungo kimoja darini kilichogeuka rangi ya kahawa, plastiki yake imeanza kuyeyuka, juu ya mbao kavu za miaka mingi. Kilichoshushwa upande mmoja kimepanda upande mwingine. Upole wa volti umelipiwa kwa wingi wa ampea. Kwa sababu hiyo alinishauri nitumie volti 24 badala ya 12, maana mkondo ungekuwa nusu, na joto linalopotea katika waya ule ule lingekuwa robo.

Tukafika kwenye dima, na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sijaacha kulitafakari. Nilidhani kuipunguza nuru ni kuufunga umeme kidogo kidogo, kama mtu afungavyo bomba la maji. Sivyo. Umeme wa mtaani ni wimbi, hupanda na kushuka na kupita katika sifuri mara 100 kwa kila sekunde, na dima hukata kipande cha kila wimbi na kukitupa. Ziko dima za aina mbili. Moja hukata kichwa cha wimbi, yaani hungoja kitambo kisha hufungua kwa ghafla. Nyingine hukata mkia, yaani hufungua taratibu wimbi linapoanza, kisha hufunga kabla halijakwisha. Transfoma ya koili hutaka ile ya kichwa, kwa sababu sumaku iliyokwisha kujaa haikubali kukatwa mkondo kwa ghafla, ikafanyiwa hivyo hurusha volti kali za kuunguza. Kile kisanduku cha kielektroniki hutaka ile ya mkia, kwa sababu viungo vyake hujaa na kumwaga, na volti ikivijia kwa kishindo hushtuka, vikavuta mkondo mkubwa na kulia. Mmoja hapendi kuamkuliwa kwa kishindo. Mwingine hapendi kuagwa ghafla. Kuna watu wa namna mbili hizi katika kila nyumba, na waliodumu katika ndoa wanajua ni kazi ya miaka mingapi kumjua aliye karibu nawe ni wa namna ipi.

Jicho nalo lina mizani yake, isiyofuata mizani ya chombo. Ukiipunguza nuru hadi sehemu moja ya kumi kwa kipimo cha ala, jicho halioni sehemu ya kumi. Huona kama theluthi, kwa kuwa mboni hutanuka na jicho lenyewe hujiongezea usikivu. Ni rehema hiyo. Maana yake ni kwamba tunaweza kuacha sehemu tisa za kumi za nuru yetu na bado tukabakiwa na theluthi ya kuona, na kwamba sehemu kubwa ya mwanga tunaoumwaga usiku hauwi mwanga machoni mwetu, bali ni kelele tu.

Mwisho wa shauri letu ulikuwa huu. Tuliziondoa taa sita zilizokuwa zikitutazama usoni, tukaweka ukanda wa LED wa mita 5 nyuma ya kingo ya mbao inayozunguka ukuta, umefichwa, ili nuru ipande kwanza darini ndipo itushukie, isimpige mtu moja kwa moja. Ukanda huo hutaka wati 48; tukauchagulia transfoma ya wati 60, ya volti 24 za umeme mnyoofu, ili mzigo uwe sehemu nne za tano za uwezo: usiwe mwingi wa kukichosha chombo, wala haba wa kukiyumbisha. Tuliiweka ndani ya kabati penye hewa, mbali na joto la mabati. Dima ikawekwa baada ya transfoma, upande wa volti chache, nayo haikati wimbi, kwani hapo hakuna wimbi. Huiwasha taa kikamilifu na kuizima kikamilifu, mamia ya mara kwa sekunde, upesi ambao jicho haliuwahi, na kadiri muda wa kuzima unavyozidi muda wa kuwasha ndivyo chumba kinavyotulia. Taa ya halojeni ilipopunguzwa ilikuwa inapoa kweli, uzi wake ukawa mwekundu kama machweo. Hii haipoi. Nuru yake hafifu ni nuru timamu iliyofumwa na giza timamu, kama mkeka ulivyofumwa kwa ukili mweupe na mweusi, na anayeutazama kutoka mbali haoni ila rangi moja ya upole.

Giza, basi, limo katika kazi, wala si upungufu wa kazi. Wanalijua hili wavuvi wa omena, dagaa wa ziwa letu wanaovuliwa usiku kwa taa. Nililala Mbita usiku mmoja wa mwezi mwandamo, nikauona uso wa ziwa umejaa vitaa kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zenye mvumo na harufu na gharama. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua pale Mbita kituo cha kuchaji taa kwa nguvu za jua, na tangu miaka ile taa za betri zimezidi kuchukua nafasi ya karabai mashuani. Lakini taa ikibadilika, sharti halibadiliki: mwezi ukipevuka wavuvi hupumzika. Nuru ya mbinguni inapoenea kote, taa yao haina tena giza la kuisaidia, na samaki hawana sababu ya kuijia.

Ilipokuwa tayari, fundi aliizungusha dima taratibu huku ahali yangu ameketi mahali pake, akamwomba, "Mama, niambie panapokufaa." Alimwambia. Kijana akatoa penseli sikioni, akatia alama ndogo ukutani kando ya swichi, mahali pa chini kuliko nilivyotazamia. Kwa miezi mitano dima yetu haikuondoka penye alama ile. Ahali yangu alitoka katika kivuli cha kabati, akarudi katikati ya chumba, na jioni tukawa tunazungumza tukitazamana, jambo ambalo sikuwa nimetambua kuwa tulikuwa tumeliacha.

Alipasuliwa jicho la kulia, na baadaye la kushoto. Jioni ile ya kwanza kitambaa kilipoondolewa aliketi, akaitazama dari kwa muda, kisha akaniuliza kama fundi amekuja kubadilisha taa, maana nuru imekuwa nyeupe. Nikamwambia taa ni zile zile. Hakuniamini mara moja. Aliinuka, akaenda ukutani peke yake bila ya kushika kiti, akaizungusha dima ikaipita alama ya penseli, ikaipita mbali, akachukua kitabu alichokiacha tangu mwaka uliopita na kufungua palipokuwa na karatasi ya kumbukumbu.

Siku hizi dima hiyo haikai mahali pamoja. Huwa juu wakati wa kusoma, hushuka baada ya isha, na nyakati nyingine yeye huishusha hadi mwisho kabisa, akaja kuketi nami barazani tukaliangalia ziwa. Alama ya penseli ingalipo ukutani. Mwaka huu tulipopaka rangi, nilimwomba mpakaji apite kando yake.